Gego la Krismasi

Phelesia alikuwa na opena moja ya soda, na opena hiyo ilikaa shingoni mwake kama rozari. Kila Desemba, wanawe walipoanza kurudi Karungu na makreti yao ya soda, aliifunga uzi mpya, akaivaa, na tangu hapo hakuna soda iliyofunguliwa bomani bila yeye kusikia mlio wake. Mwana wa Phelesia aliweza kurudi nyumbani mlevi, aliweza hata kuoa bila kumwambia mtu, na akasamehewa kabla ya mwaka mpya. Lakini kunywa soda kabla ya maombi ya Krismasi? Hilo halikuwa na msamaha.

Beverly aliyajua hayo yote. Alikuwa ameolewa na Austine, kitinda mimba wa Phelesia, na hii ilikuwa Krismasi yake ya kwanza kupika katika boma la mama mkwe. Austine alifanya biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba, kwa hiyo walikuwa wameishi huko tangu waoane, mbali na ulimi wa Phelesia. Sasa ulimi ulikuwa umemfikia. Mkesha wa Krismasi aliketi tangu asubuhi mbele ya moto wa kuni akisukuma chapati za ukoo mzima, na kila Phelesia alipopita mlangoni aliacha neno.

"Nyar Kanyada," alisema, maana wake wa boma lile waliitwa kwa jina la kwao, na Beverly alitoka Kanyada, upande wa Homa Bay. "Huko kwenu hamjui kitu cha mviringo? Hata mwezi hamjawahi kuuona?"

Lynnet, mke wa kaka mkubwa, alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye alikuwa amechapwa na ulimi huo huo miaka mingi, na hakuna kilichomfurahisha kama kuona zamu imemfikia mwingine.

Alasiri wote walikwenda kulipamba kanisa, Beverly akaachwa na chapati zake. Moshi ulikuwa umemkausha koo. Maji yalikuwepo, tuseme ukweli, mtungi mzima. Lakini mtu aliyetukanwa tangu alfajiri hataki maji. Akaenda kwenye makreti, akachomoa soda ya machungwa.

Opena ilikuwa kanisani, shingoni mwa mwenyewe. Beverly hakujali. Shuleni alikuwa akifungua soda kwa meno na wasichana wakimpigia makofi. Akaipeleka chupa mdomoni upande wa kulia, bila kukumbuka kwamba upande huo ndio uliokuwa na gego lililotoboka, lile lililomsumbua tangu mvua za Novemba, ambalo alikuwa amejiahidi kulipeleka kwa daktari sikukuu zikiisha. Kizibo kilitoka. Nusu ya gego ilitoka nacho.

Maumivu yalimpanda hadi sikioni, akajikuta ameketi sakafuni kwenye unga. Soda akainywa hata hivyo, kwa hasira, na ile sukari ikaingia kwenye ufa ikamtoa machozi. Kisha akasuuza chupa, akaichomeka katikati ya chupa tupu, na kizibo akakitupa kwenye jivu nyuma ya jiko. Angesema nini? Kwamba ameiba soda ya Krismasi akavunjika jino? Wangelicheka jambo hilo mpaka wajukuu zake wazeeke. Basi akafuta midomo, akarudi kwenye chapati.

*

"Kuna soda imetembea," Phelesia alitangaza asubuhi ya Krismasi, baada ya kupitisha macho kwenye makreti mara moja tu.

Chrispine, kaka mkubwa, alisema labda ni vijana wa kupamba kanisa.

"Vijana nilikuwa nao mimi. Na soda haina miguu." Macho yake yakawapitia wake za wanawe mmoja mmoja, taratibu, kisha akanyamaza. Phelesia akinyamaza ndipo watu waliomjua walipoogopa.

Wakati wa chakula wanaume walikaa nje chini ya turubai, wanawake na watoto wakala nyumbani mwa Phelesia. Alimketisha Beverly kwenye kigoda mbele yake, goti kwa goti, akampakulia mwenyewe: ugali, nyama ya mbuzi yenye mfupa, chapati mbili juu. Kisha akakunja mikono akamtazama.

"Kula."

"Nakula, Mama."

"Hapo unakula? Unalamba mchuzi kama paka."

Beverly alikuwa akichovya ugali kwenye mchuzi na kuusukuma upande wa kushoto. Upande wa kulia ulikuwa ukipiga kama ngoma. Chapati alizishusha kidogo kidogo kwenye sahani ya Liz, binti wa Lynnet, aliyekuwa ameketi ubavuni pake na ambaye hakuuliza swali, alikula tu. Kipande kimoja cha nyama alikimeza kizima, kikamkwaruza koo njia nzima.

"Nyama yangu ina nini?" Phelesia akapandisha sauti. "Ama huko Remba wanawaambia nawawekea watu sumu?"

"Hapana, Mama. Nimeshiba tu."

"Umeshiba! Sijawahi kuona mtu wa kushiba kabla hajala."

Hakuna aliyecheka safari hii. Kila mwanamke mle ndani alimwona Phelesia alivyomkazia macho mke wa mwanawe kutoka tonge la kwanza hadi la mwisho, bila kupepesa. Na hilo ndilo walilokuja kulikumbuka.

*

Siku iliyofuata shavu la Beverly lilikuwa limevimba, jicho la kulia limebaki mstari. Lynnet ndiye aliyemwona kwanza, kwenye tangi la maji. Akauweka mtungi wake chini.

"Uuwi! Nyieka, nani amekufanya hivi?" Nyieka ni mke mwenza, na wake za ndugu huitana hivyo, lakini kabla ya siku hiyo Lynnet hakuwahi kumwita hivyo.

"Ni..."

"Usiseme. Mimi najua. Si tulikuwa sisi wote pale? Alikutazama, akakutazama, akakutazama. Hiyo ni sihoho."

Sihoho ni jicho baya la chakula. Pande za ziwani wapo wanaoamini kwamba kuna watu wakikutazama ukila, chakula hukugeukia mwilini, kikakwama mahali na kuvimba, na hakitoki mpaka kitolewe na anayejua kukitoa. Ni tuhuma mbaya kuliko ya wizi. Mwizi hufungwa, akatoka, watu wakasahau. Mwenye sihoho hupewa mgongo kila anapoketi penye chakula, hadi siku ya kuzikwa.

Beverly alikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ni jino. Yalikuwa yamefika mdomoni. Lakini Lynnet alikuwa amemshika mkono, na tangu aolewe hakuna mtu wa boma lile aliyewahi kumshika mkono kwa huruma. Akakumbuka mwezi. Akakumbuka paka. Akainamisha kichwa na kunyamaza. Wacha naye aonje, alijiambia moyoni, na tuseme wazi kwamba alisikia utamu.

Kufikia saa sita boma zima lilikuwa na habari. Austine alimfuata chumbani, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Beverly, ni kweli hayo maneno?"

"Maneno gani?"

"Kwamba Mama... kwamba alikutazama ukila."

"Alinitazama."

Jibu hilo halikuwa uongo, na ndiyo maana lilikuwa baya zaidi. Austine alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Huyo ni mamangu, Beverly," alisema, lakini hakumwuliza kitu kingine. Chrispine, aliyekuwa bado na pombe ya jana kichwani, ndiye aliyeamua aitwe Min Cephas.

*

Min Cephas, yaani mama yake Cephas, alijulikana kwa kutoa sihoho kutoka Karungu mpaka mpakani. Alikuja na karai, wembe mpya, na kikombe cha maji, akamketisha Beverly chini ya turubai mbele ya watu wote. Phelesia alisimama mlangoni kwake, amefunga leso kiunoni, opena ikining'inia kifuani.

Wembe ulipita shavuni mara tatu, chale ndogo ndogo. Min Cephas akasukutua, akaweka midomo juu ya damu, akanyonya, akatema kwenye karai. Alipotema mara ya tatu, akachokoa kwa kidole na kuinua: uzi wa nyama, na kipande cha chapati.

"Woi!" watu walisema.

Beverly alikitazama kile kipande. Hakuwa amekula chapati siku ya Krismasi, hata ya kujaza jino. Liz ndiye aliyezila. Kwa hiyo chapati hii ilikuwa imekuja na Min Cephas, ndani ya shavu la Min Cephas, na katika umati ule wote mtu mzima mmoja tu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kulisema hilo.

"Si ndiyo hii uliyokula?" Lynnet aliuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia.

Beverly akaitikia kwa kichwa.

Phelesia alitoka mlangoni, akaja mpaka mbele yake. "Nyar Kanyada. Niangalie. Mimi nimekufanyia hivi?"

Beverly alifunika uso akalia. Alilia kwa maumivu, kwa aibu, na kwa hofu ya hilo lililokuwa limemponyoka mkononi, lakini watu walikichukua kilio kuwa ndilo jibu.

"Mama, rudi ndani," Chrispine alisema, kama anavyoambiwa mtoto. Hakuna aliyewahi kumwambia Phelesia arudi ndani. Alimtazama mwanawe kwa muda, akageuka, akarudi.

*

Tangu hapo watoto walikula wakiwa wamempa nyanya yao mgongo. Hakuna aliyewafundisha, au tuseme hakuna aliyekubali kuwa amewafundisha. Phelesia akitokea tu, sahani zinafunikwa kwa leso, mazungumzo yanakatika. Alimfungulia Liz soda kama alivyowafungulia wajukuu wote kila mwaka. Lynnet akaja mbio, akampokonya mtoto chupa, akaimwaga chini mbele ya macho yake. Povu likakauka kwenye vumbi. Phelesia aliivua opena shingoni, akaitundika kwenye msumari wa nguzo ya turubai.

"Fungueni wenyewe," alisema.

Beverly aliyasikia hayo kutoka kitandani. Utamu ulikuwa umekwisha zamani. Uvimbe ulikuwa umeshuka chini ya taya, chale za wembe zilitoa maji, mwili ulikuwa moto, na meno yalikuwa yamebanana hata kijiko hakipiti. Min Cephas alipopigiwa simu alisema kuna chakula kimebaki ndani na atakuja kukimalizia. Zahanati ilikuwa imefungwa kwa ajili ya sikukuu. Mara moja Beverly alijaribu kumwambia Austine, jino, lakini ilitoka sauti ya mtu aliyejazwa pamba mdomoni, na Austine akamletea maji. Simu ilikuwa kando ya mto. Angeweza kuandika. Aliandika, akasoma, akafuta. Nani angemshika mkono tena katika boma hili?

Jumapili, wote wakiwa kanisani na Austine amekwenda Sori kutafuta dawa, mlango ulisukumwa bila hodi. Phelesia aliingia, akainama, akanusa pumzi ya Beverly kama anavyonusa maziwa.

"Jino," alisema. "Limeoza. Harufu hii naijua."

Kisha akafungua fundo la leso, akatoa kizibo cha soda ya machungwa. Kilikuwa kimepindwa, na ukingoni kilikuwa na alama za meno.

"Nilikiokota kwenye jivu asubuhi ya Krismasi. Kwa hiyo ndiyo, nilikutazama ukila. Niliwatazama wote, nikitaka kuona ni mdomo gani unaochechemea. Nilikujua kabla hujamaliza ugali. Nikangoja useme."

Machozi yalimtoka Beverly yakaingia masikioni.

"Ungesema, ningekutusi mpaka jua lizame, halafu ningekupeleka kwa daktari. Basi. Hakuna kingine kingekupata." Akakirudisha kizibo kwenye fundo. "Unataka kuniuliza mbona sikuwaonyesha. Niwaonyeshe nini? Wangesema nimekitafuna mwenyewe. Ukishaitwa jina hilo, kila utakachoshika ni uchawi. Na wewe uliitikia kwa kichwa. Nilikuona."

Alimvuta kwa mkono akamketisha, si kwa upole.

"Vaa viatu, twende Homa Bay. Na usifikiri nakupenda. Ukifia humu ndani, watasema nimekula mtu."

*

Daktari wa meno wa Homa Bay alikuwa binti mdogo mwenye hasira ya mtu anayefanya kazi wenzake wakila sikukuu. Alipasua uvimbe, usaha ukajaza bakuli, na mwuguzi akatazama pembeni. Walilala huko, Beverly akiwa na dripu mkononi, Phelesia akiwa kwenye benchi la nje. Homa iliposhuka na mdomo ukaachia, daktari aling'oa kisiki cha gego, akakifunga kwa pamba, akauliza zile chale ni za nini. Phelesia alijifunga leso upya.

"Mngechelewa kidogo tu, uvimbe ungeziba koo," alisema. "Kila Krismasi ni hivi hivi. Mtu anakaa na tundu mwaka mzima, halafu sikukuu ikifika anageuza meno koleo. Jino likikuuma, unakuja siku hiyo. Hungoji Januari."

"Mwambie yeye," alisema Phelesia. "Mimi ninayo machache na ninayatunza."

Nje, kwenye kivuli cha lango, Beverly alitamka maneno yake ya kwanza. Yalitoka mazito, bado na ganzi. "Mama, nitawaambia."

"Utawaambia," Phelesia alisema. Halikuwa swali, wala shukrani.

*

Siku ya mwaka mpya walipika tena. Mvua ilinyesha, kwa hiyo wanaume nao waliingia ndani, na nyumba ya Phelesia ikajaa. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi pembeni kabisa, sahani mapajani, macho kwenye sahani. Beverly alisimama kabla hawajaanza kula. Aliomba kizibo, Phelesia akampa bila kuinua kichwa. Akakiweka mezani, na kando yake akaweka ile pamba, akaifungua.

"Niliiba soda," alisema. "Mkesha wa Krismasi. Nilifungua na meno, jino likavunjika, likaoza. Hili hapa. Mama hakunifanya kitu chochote. Nilijua, na nikanyamaza."

Mtu aligusa kizibo kwa kidole, akakiacha. Austine alikuwa amefungua mdomo, na usoni mwake kulikuwa na kitu kama unafuu.

"Na chapati?" Lynnet aliuliza.

"Sikukula chapati. Min Cephas alikuja nayo mdomoni. Zangu nilimpa Liz. Liz, si nilikupa?"

Liz alimtazama Beverly, kisha akamtazama mama yake. Lynnet alikuwa akimtazama pia, wala hakuwa amekunja uso. Alikuwa akingoja tu.

"Sikumbuki," mtoto alisema.

"Haya," Lynnet alisema kwa upole, akiwageukia wengine. "Amepelekwa Homa Bay, wawili peke yao, amerudi anaimba wimbo wa mama mkwe. Kuna mtu anajua alinyweshwa nini huko?"

"Wewe Lynnet!" Beverly alipaza sauti hadi mshono wa ufizi ukauma. "Daktari ameling'oa! Unaliona!"

"Jino naliona. Na kile kilichotoka kwa shavu tulikiona pia, watu wote hawa. Ama tulikuwa vipofu?"

Beverly alimtazama Austine. Unafuu ulikuwa umemtoka usoni. Alikuwa akilikata tonge lake vipande vidogo vidogo, asivyovila.

"Wacheni yaishe," Chrispine alisema. "Ni mwaka mpya. Kuleni."

Na wakala. Mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa, waligeuza viti na vigoda, kwanza wanawake, kisha watoto, hata nyumba nzima ikawa migongo iliyoelekezwa kwenye pembe moja. Kizibo na jino vilibaki mezani mpaka mtu akavisukuma kando apate mahali pa kuweka bakuli la nyama.

Beverly alichukua sahani yake na kigoda, akapita katikati yao, akaketi mbele ya Phelesia, goti kwa goti kama siku ile. Alichagua kipande kikubwa cha nyama, akakiinua ili waone wote wanaotaka kuona, ingawa hakuna aliyetaka.

"Mama, nitazame," alisema. "Nitazame nikila."

Akatafuna kwa upande wa kushoto, polepole, akingoja. Phelesia alivuta leso yake mpaka kwenye paji la uso, akashika kiti kwa chini, akakigeuza kuelekea ukutani.

"Kula, nyar Kanyada," aliuambia ukuta. "Mimi sitazami tena mtu akila."